Tumeletewa ventileta ya watoto wachanga. Tuiwashe leo?

Swali:

"Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi mkunga kwenye wodi ya watoto wachanga, hospitali ya wilaya huku kanda ya kati, mwendo wa saa mbili hivi hadi Dodoma mjini. Tuna CPAP za mapovu mbili, zile za kumpulizia mtoto hewa puani kwa shinikizo lisilokatika, na miezi michache iliyopita tuliletewa ventileta moja, mashine ya kumpumulisha mtoto kwa mrija wa kooni. Usiku tunakuwa wauguzi wawili, watoto wanafika hata kumi na wawili. Juzi tulikuwa na njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, wa wiki 30, kilo 1.3, siku ya pili tangu azaliwe. Alikuwa kwenye CPAP, akaanza kuchoka, kifua kinabonyea, tukaongeza oksijeni mpaka mwisho. Daktari wa zamu akasema tumweke kwenye ventileta. Mimi nikakataa, nikaomba apewe rufaa. Alifika salama. Lakini wenzangu wananisema kwamba niliogopa mashine, kwamba ventileta inampumzisha mtoto na ukishaweka namba inafanya kazi yenyewe. Bibi wa mtoto naye alikuwa analia mlangoni, anasema mtoto akishawekwa mashine harudi. Je, nilikosea? Na tukiamua kuitumia, tuanze na namba zipi?"

Marahaba, Sista. Hukukosea. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua maneno ya wodini yanavyokaa moyoni. Lakini usilichukue jibu hili ukawaoneshe wenzako kama hati ya ushindi, maana nao wana hoja: mtoto anayechoka anahitaji kusaidiwa kupumua, na wapo watoto ambao bila ventileta hawavuki usiku. Ubishi wenu si kama mashine ni nzuri au mbaya. Ni kama wodi yenu, usiku ule, ilikuwa na uwezo wa kuiendesha. Halafu kuna swali la tatu ambalo hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko hayo mawili: je, CPAP aliyokuwa nayo yule mtoto ilikuwa inafanya kazi?

Tuanze na pafu lenyewe. Ndani ya vifuko vya hewa kuna utando mwembamba wa maji, na maji huvutana, yanavuta na kuta pamoja. Unaikumbuka ile mifuko ya rambo kabla haijapigwa marufuku mwaka 2019? Mfuko ukilowa ndani, kuta zinang'ang'aniana. Nguvu yote inaishia kwenye kuuachanisha, na ukishapata upenyo kidogo kazi inakuwa nyepesi. Mtoto aliyetimiza miezi yake ana safaktanti, ute wa mafuta na protini unaotengenezwa na seli za pafu ili kuta zisigandane hivyo. Seli hizo huanza kuutengeneza karibu na wiki ya 24 ya mimba, na kiasi cha kutosha hupatikana kwenye wiki ya 34 au 35. Njiti wako wa wiki 30 alikuwa nao kidogo. Kila akitoa pumzi vifuko vinafunga, kila akivuta anaanza upya. Ndiyo maana kifua kinabonyea na pua zinatanuka. Na kuguna kule kunakowatisha akina mama ni akili ya mwili: mtoto anabana koo ili hewa isitoke yote, anajitengenezea CPAP yake mwenyewe. Akiacha kuguna huku kifua bado kinabonyea, usishukuru. Amechoka.

Mary Ellen Avery na Jere Mead, wa Marekani, ndio walioonesha mwaka 1959 kwamba upungufu wa ute huo ndio shina la ugonjwa. Miaka minne baadaye Patrick, mtoto wa Rais John Kennedy, alizaliwa kabla ya wakati akiwa na zaidi ya kilo 2, akafa kwa ugonjwa huu huu kabla ya kumaliza siku mbili. Baba yake aliweza kuwaita madaktari wote aliowataka, lakini wakati huo hakukuwa na namna ya kuaminika ya kulishikilia pafu la mtoto mchanga lisifunge. Mwaka 1971 George Gregory na wenzake wa San Francisco wakachapisha habari za watoto 20 mahututi waliopewa shinikizo la hewa lisilokatika, 16 waliishi. Wazo lile ndilo linalotoa mapovu kwenye chupa yenu.

Sasa rudi usiku ule. Umeandika kwamba mliongeza oksijeni mpaka mwisho. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu wodi nyingi hufanya hivyo hivyo. Oksijeni haifungui pafu. Kinachofungua pafu ni shinikizo, na kwenye CPAP ya mapovu shinikizo ni kina cha mrija ndani ya maji: ukizama sentimita 6, mtoto anapata sentimita 6 za maji. Mtoto akichoka, swali la kwanza ni kama shinikizo hilo linamfikia, na la pili ni kama linamtosha. Oksijeni huja baada ya hapo. Ukiongeza oksijeni kwenye pafu lililofunga, namba ya kwenye kioo inaweza kupanda kwa nusu saa, mkatulia, huku mtoto anazidi kuishiwa nguvu.

Mapovu yakikoma chupani, ujue hakuna CPAP tena. Imebaki oksijeni ya puani. Hewa inavuja mahali, na mara nyingi ni puani au mdomoni. Kipachiko cha pua kijaze tundu bila kuifanya ngozi iwe nyeupe, wala kisiguse ukuta wa kati, kwani ngozi ya njiti huchubuka upesi na kidonda cha hapo ni kibaya. Kama mtoto analala mdomo wazi, mwinue kidevu taratibu. Weka kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega ili shingo isikunje wala kupinduka. Angalia kamasi. Angalia maji ndani ya mipira: mvuke ukiganda na kutuama kwenye kona iliyolegea, unaongeza shinikizo bila wewe kujua. Na maji ya chupani yakipungua au kuongezeka, sentimita zako zimebadilika hata kama hukugusa kitu. Mrija wa tumboni upitie mdomoni na ubaki wazi, la sivyo hewa ya CPAP inajaza tumbo na tumbo linasukuma mapafu juu.

Hayo yote yakiwa sawa na mtoto bado anabonyea, ndipo unapotoka 5 au 6 kwenda 7, hata 8, kwa makubaliano na daktari. Umeandika oksijeni ilifika mwisho. Hukuandika kama kina cha mrija kiliguswa. Inawezekana kiliguswa na ulisahau kuandika. Ila kama hakikuguswa, mtoto alipelekwa kwenye mlango wa ventileta kabla CPAP haijamaliza kazi yake.

Kuhusu oksijeni yenyewe, njiti anayepewa oksijeni tunataka oksijeni ya damu yake ikae kati ya asilimia 90 na 95 kwenye kipimo cha mguuni, na kengele ya juu iwashwe kama ya chini. Akionesha 99 au 100 huku anapewa oksijeni, hiyo si alama nzuri. Maana yake hujui amezidishiwa kiasi gani. Oksijeni nyingi huharibu mishipa ya macho ya njiti mpaka upofu, na huunguza mapafu yenyewe. Kushusha sana nako kuna gharama: utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2010 ulionesha kwamba waliowekwa asilimia 85 hadi 89 walipata ugonjwa mkali wa macho kwa uchache, lakini walikufa wengi zaidi. Kama hamna kifaa cha kuchanganyia, hesabu ni ya kawaida. Lita 2 za oksijeni na lita 6 za hewa ya kawaida kwa dakika zinakupa lita 8 zenye oksijeni ya asilimia 40 hivi. Lita 1 kwa 7 inakupa asilimia 30 na kidogo. Bandikeni jedwali hilo ukutani juu ya kila CPAP. Na kwa kuwa sisi wa huku tuko juu, Dodoma mjini ni zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ya pwani. Mtoto wa hapa atahitaji oksijeni zaidi kidogo kuliko pacha wake aliyeko Tanga. Ni tofauti ndogo, lakini mjue ipo kabla ya kulinganisha namba zenu na za rafiki yako wa Dar es Salaam.

Mambo mengine mawili huangusha CPAP kimya kimya. Baridi ni la kwanza: njiti mwenye joto chini ya nyuzi 36.5 anatumia oksijeni nyingi zaidi na pafu lake linafanya kazi vibaya zaidi, na wewe unazijua baridi za Juni na Julai za huku. La pili ni ubongo mchanga unaosahau kupumua, na dawa yake ni kafeini: miligramu 20 za kafeini sitreti kwa kila kilo kwa dozi ya kwanza, kisha 5 hadi 10 kwa kila kilo kwa siku. Kama stoo yenu haina, mfamasia aiagize kabla hamjaagiza kitu chochote cha ventileta.

Tuje kwenye mashine sasa. Wenzako wanasema inampumzisha mtoto na inafanya kazi yenyewe. Nusu ya kwanza ina ukweli: misuli ya mtoto inapumzika. Mapafu hayapumziki. Mimi na wewe tukipumua, kifua kinatanuka na hewa inavutwa ndani. Ventileta inafanya kinyume: inasukuma hewa kwa nguvu kupitia mrija ulio kooni, na nguvu hiyo inaangukia kwanza vile vifuko vilivyo laini, vilivyokwisha kufunguka, si vile vilivyofunga. Hivyo vilivyo wazi vinavutwa kupita kiasi, vilivyofunga vinakwaruzana.

Fikiria kipimo chenyewe. Pumzi moja ya njiti tunaihesabu mililita 4 hadi 6 kwa kila kilo. Kwa mtoto wako wa kilo 1.3 hiyo ni kati ya mililita 5 na 8. Kijiko cha chai hubeba mililita 5. Basi kati ya pumzi inayotosha na pumzi inayopasua pafu hakuna hata kijiko kimoja kamili, na pumzi hizo zinapigwa mara 40 hadi 60 kwa dakika, usiku kucha. Kwa mizani hiyo, neno "yenyewe" linatisha.

Na pafu halitulii mahali pamoja. Mtoto akipewa safaktanti kupitia mrija, pafu linaweza kulainika ndani ya dakika chache. Shinikizo lile lile lililokuwa linaingiza mililita 6 sasa linaingiza 10 au 12. Asipokuwepo mtu wa kulishusha pale pale, ndipo hewa inapochomoka pafuni na kujaa kifuani. Mashine nyingi za kisasa zina namna ya kulenga ujazo, yaani unaiambia mililita unazotaka na yenyewe inapunguza au kuongeza nguvu, na kama yenu inayo, hiyo ndiyo ya kutumia. Ila hata hiyo hudanganyika hewa ikivuja pembeni ya mrija, na kwa watoto wachanga huvuja mara nyingi, kwa kuwa mirija yao haina puto la kuziba.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana kabisa kwa macho. Mtoto anayepumulishwa kupita kiasi anaonekana vizuri: wa pinki, ametulia, kipimo kinasoma 94. Kumbe kabonidayoksaidi kwenye damu yake imeshuka sana, na ikishuka, mishipa ya ubongo inabana na damu inapungua huko. Kwa njiti, jambo hilo huacha madhara ya ubongo. Ndiyo maana kwa mtoto aliye kwenye ventileta tunavumilia kabonidayoksaidi iliyopanda kidogo, 45 hadi 55 za milimita za zebaki, mradi asidi ya damu isiharibike. Lakini ili uvumilie namba lazima uwe nayo. Hospitali isiyoweza kupima gesi za damu usiku inaendesha ventileta gizani.

Umeniuliza namba za kuanzia. Nitakupa, kwa sababu kuwaficha wauguzi namba hakujawahi kumsaidia mtoto. Kwa njiti wa ukubwa huo: mrija namba 3.0, ufike sentimita 7 hadi 7.5 kwenye mdomo, yaani uzito wa mtoto kujumlisha 6, kisha eksirei ithibitishe. Shinikizo linalobaki pafuni mwisho wa pumzi, lililoandikwa PEEP, 5. Muda wa kuingiza hewa sekunde 0.3 hadi 0.4. Pumzi 40 kwa dakika au zaidi kidogo. Shinikizo la juu, lililoandikwa PIP, kianzio cha kawaida ni 16 hadi 20, kisha linashushwa au kupandishwa kwa kuangalia kifua kikiinuka kidogo tu na mililita zinazosomwa. Oksijeni ni ile inayomweka kati ya 90 na 95. Nimemaliza, na unaona ilivyo fupi. Kuanza ni rahisi hivyo. Kazi inakuja dakika ya ishirini, saa ya tatu, saa tisa za usiku, kengele inapolia na wewe una watoto wengine sita.

Kengele ikilia na mtoto anashuka, usianze kuzungusha vitufe. Mtoe kwenye mashine, mpe pumzi kwa ambu, ule mfuko wa kubonyeza kwa mkono, tazama kifua. Akipata nafuu, tatizo lilikuwa mashine au mipira yake. Asipopata nafuu, mrija umetoka au umezama upande mmoja, au umeziba kwa makohozi, au hewa imejaa kifuani na inabidi itolewe kwa sindano na mtu anayejua. Ukiwa na wasiwasi na mrija, utoe na umpe pumzi kwa barakoa. Na uwe na mkono mwepesi: ambu ndogo ya mtoto mchanga hubeba zaidi ya mililita 200, na yeye anahitaji 8. Vidole viwili vinatosha.

Kwa hiyo, ili wodi iwashe ventileta, naangalia vitu ambavyo karibu vyote viko nje ya mashine. Muuguzi mmoja kwa mtoto mmoja au wawili, mchana na usiku. Mtu wa kuweka mrija upya ndani ya dakika chache, asiwe anaitwa kutoka nyumbani. Eksirei ya kuletwa kitandani. Kipimo cha gesi za damu. Oksijeni na hewa iliyoshindiliwa, vyote viwili. Kilainisha hewa chenye kupasha joto, maana gesi ya mtungi haina unyevu hata chembe, na mrija wa milimita 3 huzibwa na makohozi makavu kwa saa chache. Umeme wa akiba pia, na hapa wengi hudanganyika: betri ya ndani ya ventileta huiendesha ventileta tu, kishindilia hewa na kilainisha hewa kwa kawaida havitumii betri hiyo. Umeme ukikatika, skrini inawaka kama kawaida huku mtoto anapata gesi kavu ya baridi.

Kabla ya hayo yote, mwiteni fundi wa vifaa tiba awathibitishie kitu kimoja: je, mashine hiyo kweli ni ya watoto wachanga? Ventileta nyingi zilizosambazwa duniani wakati wa UVIKO-19 zilinunuliwa kwa ajili ya watu wazima. Nyingine zina kitufe cha "mtoto" lakini pumzi ndogo kabisa zinayoweza kuipima ni mililita 20 au 50. Kwa njiti wenu hiyo si mashine.

Wodi yenye wauguzi wawili kwa watoto kumi na wawili haifikii hapo. Simlaumu mganga mfawidhi wenu wala daktari wa zamu. Bajeti haikai mikononi mwao. Mimi ningekuwa na fedha na nafasi ya mafunzo moja tu, ningeiweka yote kwenye CPAP: vipachiko vya pua vya saizi zote, kifaa cha kuchanganya oksijeni, vipimo vya oksijeni vya kubandika mguuni kwa kila mtoto, kafeini, na muuguzi wa tatu wa usiku. Na ningekwenda ng'ambo ya pili ya ukuta, kwa wakunga wa leba. Mama anayetishia kujifungua kati ya wiki ya 24 na ya 34, akiwa hana maambukizi na umri wa mimba unajulikana, akipata deksamethasoni mapema, anamletea mtoto pafu lililokomaa kidogo zaidi. Sindano hiyo ni ya bei ndogo kuliko plasta mtakazotumia kuushikilia mrija wa ventileta.

Kuna hali moja ambayo ningekubali muiwashe hivi karibuni, nayo ni kama daraja: mtoto ameacha kupumua kabisa, yupo mtu mwenye uzoefu wa kuweka mrija, gari la rufaa liko njiani, na muuguzi mmoja anakaa na mtoto huyo peke yake mpaka gari lifike. Hata hivyo wengine wetu wangechagua kumpa pumzi kwa mkono muda wote huo, kwa kifaa chenye kipimo cha shinikizo. Madaktari hawakubaliani hapa, na inategemea mikono iliyopo.

Rufaa, basi. Kwa kuwa mko saa mbili, msisubiri mtoto achoke. Njiti aliye kwenye CPAP ya 6 au zaidi ambaye oksijeni anayopewa inavuka asilimia 30 na bado inapanda, pigeni simu saa hiyo hiyo kwenye hospitali inayopokea, iwe ya rufaa ya mkoa au ya Benjamin Mkapa, mzungumze na daktari wa watoto. Pengine anaweza kupewa safaktanti kwa mrija mwembamba huku akiendelea kupumua mwenyewe kwenye CPAP, asihitaji ventileta kabisa, na tiba hiyo hufaa zaidi ikiwahi. Oksijeni hiyo ikifika asilimia 40, mtoto akiacha kupumua mara kwa mara mpaka mnampa ambu, au akishuka ghafla upande mmoja wa kifua ukiwa kimya, hiyo ni dharura. Usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga mnaujua: m-mama, 115, bila malipo.

Njiani asafiri na CPAP, si na oksijeni ya puani tu, akiwa kifuani kwa mama kama mama ana nguvu. Hilo si la kujiliwaza. Utafiti uliotoka mwaka 2021, uliofanywa kwenye nchi tano na yetu ikiwemo, ulionesha kwamba watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 waliowekwa kangaroo, yaani kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie kwanza, walikufa wachache kwa robo. Hesabuni mtungi kabla ya kuondoka: ujazo wa mtungi kwa lita, mara namba ya geji kwa bar. Mtungi wa lita 10 unaosoma 100 una lita 1,000. Kwa lita 5 kwa dakika ni saa tatu na dakika ishirini. Barabara ikiharibika, mnajua mna muda gani.

Bibi yule umwambie nini? Usimwambie uongo kwamba mashine haina hatari. Mwambie wanaowekwa kwenye mashine ndio waliokuwa wagonjwa kuliko wote, kwa hiyo wengine hufa wakiwa nayo, na anayewaona wakitolewa anadhani mashine ndiyo iliyowaua. Mwambie wengi hutolewa wakiwa hai, wakarudi CPAP, kisha kifuani kwa mama. Kama Kiswahili chake ni cha shida, mtafute mwenzako anayejua Kigogo, Kirangi au Kinyaturu. Habari kama hii haifai kutafsiriwa na mjukuu wa miaka tisa. Na umpe kazi: maziwa ya mama yanaendelea kukamuliwa hata mtoto akiwa na mrija kooni, na mama aliyejifungua juzi anahitaji mtu wa kumpikia uji na kumbeba moyo.

Kwa sasa ventileta ibaki imechomekwa kwenye umeme ili betri isife, ifunikwe kwa sababu ya vumbi letu, na fundi aijaribu kila mwezi kwa pafu la mpira. Muombe mganga mfawidhi awatume wawili wenu, wewe na daktari mmoja, mkakae wiki kadhaa kwenye wodi inayotumia mashine hizi kila siku, zamu za usiku zikiwemo. Mkirudi, mtapanga wenyewe ni lini iwashwe, na zamu zipi ibaki imezimwa.